Skrubu ya Mwisho

“Mashine nikishaifunga mimi skrubu ya mwisho, hairudi tena mezani. Si kwangu, si kwa fundi mwingine yeyote.”

Maneno hayo aliyatamka Bisibisi mbele ya wazazi mia mbili na ushei, ukumbini mwa shule ya msingi, siku kompyuta ya mwalimu mkuu ilipogoma kuonyesha picha ukutani. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameihangaikia nusu saa nzima, akaishia kuipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Bisibisi akainuka kutoka benchi la nyuma, akachomoa bisibisi yake mfukoni mwa shati, pale watu wengine wanapochomeka kalamu, na dakika sita baadaye picha ikatokea. Angeweza kurudi kukaa. Lakini kuna mtu alimpa kipaza sauti, na kumpa Bisibisi kipaza sauti ni sawa na kumwachia mbuzi ufunguo wa bustani.

Watu wakapiga makofi. Shangazi yake, aliyekuwa amekaa naye benchi lile lile, hakusikia hata neno moja, maana ni kiziwi tangu kuzaliwa. Alikuwa amekuja kwa habari ya sare za shule, ambazo ndiye anayezishona, na kijana amekuja kumsindikiza na kumsemea. Aliona mikono ya watu inagongana, akajua kijana wake ama amefanya jambo la maana ama amejisifu. Alipomtazama kifua kilivyovimba, akajua ni yote mawili. Akainua mikono yake juu akatikisa vidole, maana ndivyo anavyoshangilia yeye, na mzazi mmoja wa mbele akageuka kuangalia kama kuna nyuki.

Duka la Bisibisi lina upana wa hatua tatu na urefu wa nne, limebanwa kati ya kinyozi na mama wa fotokopi. Kibao cha mlangoni alikiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: DAKTARI WA KOMPYUTA. WAGONJWA WA NJE NA WA KULAZWA. Wa kulazwa wamepangwa rafuni kwa ubavu, kila mmoja na karatasi yake ya jina, ugonjwa na simu ya ndugu. Walioaga dunia wako ndani ya boksi chini ya meza, na wanaendelea kuchangia viungo. Hakusoma chuo cha kompyuta. Kazi yake ya kwanza aliifanya akiwa na miaka kumi na mitatu, nyumbani kwa Shangazi: alichukua kitufe cha kengele ya mlangoni, akakiunganisha na balbu nyekundu juu ya cherehani, ili mgeni akibonyeza nje, Shangazi aone mwanga ndani. Balbu imebadilishwa mara nyingi. Waya ni ule ule, na haujawahi kukatika.

Huyo Shangazi ndiye aliyemlea. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, mama akaolewa kwingine, na mtoto akabaki na dada wa marehemu, cherehani moja na chumba kimoja cha kulala. Dada huyo alikuwa amezaliwa pacha. Pacha mwenzake alikuwa wa kiume, naye kiziwi vilevile, na nyumba nzima iliyobaki ilikuwa ya watu wenye masikio. Hakuna aliyewafundisha chochote, kwa hiyo watoto wale wawili wakajitungia lugha ya mikono. Walianza na maji na paka, wakaja kuwa na ishara ya kila jirani, ya kila aina ya uongo, ya mvua inayokuja na ya mvua inayotishia tu. Kusoma na kuandika walifundishwa baadaye na kaka yao mkubwa, baba yake Bisibisi, kwa mkaa sakafuni. Lakini maandishi kwao yalikuwa ya kuzungumza na watu wengine. Wao kwa wao walikuwa na mikono.

Duniani kote lugha ile ilikuwa na watu watatu na nusu. Pacha akawa seremala, akahamia mji ulio mwendo wa siku mbili kwa basi, akaoa, akapata binti, na binti akaijua lugha ile kabla ya kuota meno. Hao ndio watatu. Nusu alikuwa mama wa binti huyo, kabla hajafariki. Bisibisi, aliyelelewa ndani yake, alishika ishara za tumbo na za kiboko tu: njoo ule, kaoge, kalale, umekosa. Na jina lake mwenyewe. Kwa mapacha wale jina lake ni kidole kinachopita chini ya pua, kwa sababu alikuja mtoto wa kamasi. Alipokuwa mkubwa kidogo, Shangazi akimwita hivyo barabarani, yeye alijifanya anatazama matangazo ya ukutani.

Laptopu ni Bisibisi aliyemnunulia Shangazi, ya mitumba, nzito kama tofali, yenye kioo kipana. Simu walikuwa wamejaribu wakashindwa. Kwenye kioo cha simu vidole vya Pacha vilionekana kama punje za mchele, na Shangazi alimaliza mazungumzo machozi yanamchuruzika. Kwa laptopu mambo yakanyooka. Kila Jumapili saa nne asubuhi Shangazi anafunika cherehani, anaweka laptopu juu yake, anakaa. Upande wa pili binti anamweka baba yake tayari. Wanazungumza mpaka adhuhuri, bila sauti, isipokuwa vicheko, maana wote wawili wanacheka kwa nguvu kama watu wasiojua kwamba kuna majirani.

Mwaka huo Pacha aliacha kupanda ngazi. Baadaye akaacha kusimama. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina refu, na binti akaufupisha alipompigia simu Bisibisi: misuli inachoka, mmoja baada ya mwingine, na ukishachoka haurudi. Umeanzia miguuni, unapanda.

“Kaka, wanasema mikono ina miezi mitatu. Wakikosea, minne.”

Bisibisi aliandika habari ile kwenye daftari ambalo Shangazi humwekea kila mtu anayetaka kumwambia kitu. Shangazi alisoma, akasoma tena, akaandika chini yake: *Mimi siwezi safari. Miguu. Lakini Jumapili zipo kumi na mbili.* Miguu yake ilikuwa inajaa maji akikaa hata saa tatu, na siku mbili ndani ya basi zingemwua yeye kabla ya Pacha. Akachomoa kalenda ukutani, akazizungushia duara Jumapili zote kumi na mbili kwa chaki ya kukatia nguo.

Wiki hiyo hiyo bawaba ya laptopu ikavunjika. Ilikuwa imechoka kwa kuvutwa mbele na nyuma kila wiki. Bisibisi akaibeba dukani Jumatano mchana, na mchana ule wanafunzi watatu walikuwa wamesimama mlangoni na kazi za kukabidhi kesho yake, kila mmoja analia kwa zamu. Bawaba akaipata kwenye boksi la marehemu. Ilipofika skrubu ya mwisho, ikamponyoka, ikadunda mara moja sakafuni, ikaingia kwenye ufa. Skrubu fupi za aina ile zinauzwa duka la vipuri, ng'ambo ya barabara. Akatazama barabara, akatazama wanafunzi. Ya Shangazi ni ya nyumbani, akajisemea, itavumilia. Akafungua kopo la skrubu yatima, akapata yenye kichwa kile kile na meno yale yale, ndefu kidogo, unene wa kucha mbili hivi. Ilisita mwishoni. Akaisukuma. Ikakaa.

Jumapili ya kwanza mtandao ulikatika mara tisa.

Jumatatu asubuhi Shangazi alikuwa mlangoni mwa duka, daftari kwapani. *Inakata*, ameandika. *Ilianza baada ya wewe kufungua.* Bisibisi akacheka kwa upole ule wa mafundi unaouma kuliko tusi, akamwandikia kwamba bawaba ni mfupa tu, haihusiani na mtandao. Akaiwasha. Vijiti vya waifai vikasimama vyote. Akaegemeza kioo nyuma, akampigia binti wa Pacha, akasema haloo, haloo, unanisikia? Binti akasikia. Akamwona kaka yake kuanzia kidevu mpaka utosini, picha haikwami hata chembe. Wakazungumza robo saa. Bisibisi akamgeukia Shangazi, akafungua viganja kama mwanamazingaombwe aliyemaliza.

Hata hivyo akafanya kazi, kwa sababu mvivu hakuwa. Aliifuta waifai ya nyumba kwenye kumbukumbu ya laptopu, akaiunganisha upya. Alizima ule ubahili wa umeme unaoilaza kadi ya waifai isipotumika. Alifuta programu inayoiendesha kadi hiyo, akaweka mpya, halafu akaweka ya zamani, halafu akarudisha mpya. Jioni akaenda nyumbani kwa Shangazi, akaitoa ruta nyuma ya kabati la vitambaa, akaipandisha juu ya kabati, akaifungia kwenye msumari. Kila alichokifanya kilikuwa sahihi. Ungempa mwalimu wa chuo asahihishe, angempa alama zote.

Jumapili ya pili ilikatika mara kumi na moja.

Alisingizia bati. Alisingizia ukuta wa jirani, ruta mpya ya jirani, mwishowe jirani mwenyewe. Alibadili njia ya mawimbi kutoka ya sita hadi ya kumi na moja, akairudisha ya kwanza. Alikaa nayo laptopu dukani kutwa nzima ikicheza video, na haikukatika hata mara moja. Ukiipeleka kwa Shangazi, siku sita inakaa kama malaika, ya saba inageuka. Ndipo akaanza kuamini kile ambacho mafundi wote huishia kukiamini, kwamba ubovu uko kwa mwenye mashine.

Jumapili ya nne akafunga duka, akaenda kujionea. Aliketi kwenye kiti cha Shangazi, akaegemeza kioo ili uso uingie vizuri, akampigia binti. Dakika ishirini, safi. Nyuma ya binti alimwona Pacha, Baba Mdogo wake, kwenye kiti chenye mito, mkono wa kushoto umelala mapajani, wa kulia ukicheza angani kwa haraka kumwambia dada yake njoo, njoo. Bisibisi akanyanyuka, akampisha Shangazi, akamwonyesha saa ya ukutani: dakika ishirini, unaona? Akaondoka, duka lilikuwa linamngoja. Hakufika hata kona. Ndani Shangazi alikuwa ameketi, amerekebisha kioo kama anavyofanya siku zote, ameinua mikono, na Pacha akaganda mdomo wazi. Hakumkimbilia kijana. Alikaa akitazama kile kiduara kinachozunguka.

Jumatatu iliyofuata alileta ukurasa ambao Bisibisi bado anaukumbuka ulivyokuwa na doa la mafuta ya cherehani pembeni. *Nimeiangalia wiki nne. Nikinyamaza inashika. Nikisema inakata.*

Bisibisi alijua vizuri kwamba kwa Shangazi kusema ni mikono. Ndiyo maana ilimchekesha. Alimjibu kwa maandishi ya heshima kwamba mawimbi ya waifai hayapigwi na mikono, yanapita hata ukutani, sembuse vidole. Shangazi alipoondoka, akamsimulia mama wa fotokopi, na mama wa fotokopi akacheka mpaka akaharibu nakala ya cheti cha mtu. Kinyozi akasikia. Kufika mchana mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba nyumbani kwa kina Bisibisi kuna waifai isiyopenda umbea.

“Lakini wewe si ulisema ukifunga skrubu ya mwisho hairudi?” mama wa fotokopi akamchokoza, karatasi mkononi. “Hii mbona ina kadi ya kliniki? Kila Jumatatu.”

“Haijarudi kuugua,” Bisibisi akasema. “Inakuja kusalimia.”

“Basi ipeleke kwa yule fundi wa kule kituoni aisalimie na yeye.”

Alicheka, lakini lilimwingia. Jumatatu ya sita Shangazi alipoandika *Niazime nyingine*, kalamu ya Bisibisi ilisimama kidogo. Nyuma yake rafuni kulikuwa na laptopu kumi na moja, nne kati ya hizo zimepona na wenyewe hawana hela ya kuzichukua. Aliandika kwamba ni mali za watu, hawezi. Sababu nzuri, hata polisi angeikubali. Ile ya kweli haikuandikwa popote: akimwazima nyingine, atakuwa amekiri kwamba hii imemshinda, na amekiri mbele ya mtu aliyekuwapo ukumbini siku ile. Shangazi alisoma jibu, akalifunga daftari taratibu, akamtengeneza kola ya shati iliyokuwa imejikunja, akaenda zake.

Jumapili ya saba, ya nane, ya tisa. Shangazi alikuwa ameanza kuzungumza kwa vipande, kama mtu anayepokea maji ya mgawo: ishara mbili tatu upesi kabla haijaganda, subiri, ishara mbili tatu. Pacha naye mkono wake uliobaki ulikuwa unachelewa. Binti alimwambia Bisibisi kwa simu kwamba kuna hadithi moja baba yake anaianza kila Jumapili, ya siku yeye na dada yake walipopotea sokoni wakiwa watoto, na kila Jumapili inakatikia pale pale kwenye mlango wa soko.

“Si unajua wewe mwisho wake?” Bisibisi akauliza. “Mwandikie Shangazi.”

“Kaka, Shangazi anaujua. Alikuwepo.”

Hakuelewa. Alidhani binti anamkatalia kazi ya kuandika.

Ijumaa kabla ya Jumapili ya kumi, simu ikalia dukani saa tisa alasiri. Binti hakusalimia.

“Mkono wa kulia umekataa tangu jana. Anajaribu, vidole haviji. Mwambie Shangazi kabla ya Jumapili, asije akaona mwenyewe. Lakini usimwandikie. Jambo kama hili haliandikwi.”

“Nitamwambiaje sasa? Mimi najua kaoge na kalale.”

“Nitakufundisha. Washa kompyuta.”

Laptopu ya Shangazi ilikuwa pale pale mezani, imekuja kusalimia. Akaiwasha, akaegemeza kioo nyuma kama kawaida yake, uso wa binti ukatokea, macho mekundu. Akamwonyesha: hivi ni Pacha, vidole viwili vinagusana kwenye kifua. Hivi ni mkono. Hivi ni kulala, ile unayoijua, lakini unaifanyia hapa, juu ya mkono wenyewe. Bisibisi akajaribu. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na moja anayefungua kompyuta amefumba macho, na vidole vyake vilikuwa vizito kama vya mtu aliyevaa glavu.

“Sikuoni mikono, kaka,” binti akasema. “Naona kichwa na dari. Unasema na nani, na dari? Vuta kioo mbele, kisimame wima. Sogea nyuma kidogo. Sisi ndivyo tunavyokaa.”

Akavuta kioo mbele mpaka kikasimama kama ukuta. Akasogeza kiti nyuma. Akainua mikono.

Binti akaganda.

Bisibisi alibaki na mikono hewani. Vijiti vya waifai vilikuwa vimelala vyote. Akasogea, akaegemeza kioo nyuma. Vijiti vikapanda, binti akarudi, anasema haloo, kaka? Akavuta mbele. Vikalala. Nyuma, vikapanda. Alifanya hivyo mara nne, na mara ya nne alifanya polepole sana, sikio karibu na bawaba, kana kwamba kuna kitu cha kusikia.

Akazima, akageuza laptopu kifudifudi, akachomoa bisibisi mfukoni mwa shati.

Waya za antena ya waifai hupita ndani ya bawaba, kwenda kuzunguka kioo. Ni mbili, nyeusi na nyeupe, nyembamba kama tambi. Nyeupe ilikuwa imechunwa. Nyeusi ilikuwa imetobolewa na ncha ya skrubu ndefu, imebaki inashikana kwa uzi mmoja wa shaba. Kioo kikilala nyuma, waya unalegea, ncha mbili zinagusana, dunia inaonekana. Kioo kikisimama, waya unavutika, ncha zinaachana. Mtu mwenye masikio anayetaka tu uso wake uonekane angeweza kuitumia laptopu ile miaka kumi asijue. Ilikuwa imeharibika kwa ajili ya mtu mmoja, anayesema kwa mikono, na kila alipokaa vizuri ili aonekane anachosema, ndipo alipokatwa.

*Nikinyamaza inashika. Nikisema inakata.* Hakuna fundi aliyewahi kuueleza ubovu kwa usahihi ule, na alikuwa ameuchekea.

Mama wa fotokopi alichungulia kuuliza kama ana chenji. Alimwona kijana ameshika kitu kidogo kwenye kiganja, uso umemkauka. Akaanza utani, akaumeza, akarudi kwenye mashine yake.

Kazi yenyewe ilichukua dakika arobaini. Alichukua waya mzima wa antena kwenye boksi la marehemu, akaupitisha, akavuka barabara kununua skrubu fupi, akaifunga. Alikisimamisha kioo wima. Vijiti vyote vilisimama. Alikiacha hivyo usiku kucha, na asubuhi vilikuwa bado vimesimama.

Jumamosi jioni alibonyeza kengele kwa Shangazi. Balbu nyekundu ikawaka ndani, mlango ukafunguliwa. Hakungoja kukaribishwa kukaa. Alisimama kando ya cherehani, akagusisha vidole viwili kifuani, akaonyesha mkono wa kulia, akaulaza. Aliifanya vibaya, na ya mwisho aliifanya upande usio wake, akarudia. Shangazi alimtazama mikono, si uso. Alikuwa hajawahi kuiona ikisema kitu kisichohusu chakula. Alipoelewa aliketi juu ya rundo la sare zilizokunjwa, jambo ambalo angemchapa mtu akilifanya.

Bisibisi akaweka skrubu ndefu juu ya meza ya cherehani. Akavuta daftari, akaandika mambo yote, waya, ncha, kioo kikisimama, ufa wa sakafu, wanafunzi watatu. Halafu akayakata yote kwa mstari, akaandika chini: *Ni mimi.*

Shangazi aliinua skrubu, akaisogeza kwenye mwanga. Aliipima kwa ukucha, maana mshonaji hupima kila kitu. Akaidondosha kwenye kopo la pini, akalifunika.

Jumapili saa nne alifunika cherehani, akaweka laptopu juu yake, akasimamisha kioo. Akamwonyesha Bisibisi kigoda pembeni yake: kaa. Pacha akatokea, kwenye mito, mikono yote miwili imelazwa juu ya shuka, binti ameipanga vizuri kama anavyopanga mtu vijiko. Macho yake yalikuwa yale yale. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba zilionekana alama za patasi kwenye kidole gumba.

Shangazi akaanza. Bisibisi hakuwahi kukaa mpaka mwisho wa mazungumzo yao, na sasa aliona mikono ile ikifanya kitu ambacho mdomo wake wa kipaza sauti haujawahi kukifanya. Ilikwenda bila haraka. Hapakuwa na mgawo tena. Mlango aliutambua, na watoto wawili, na kitu kirefu kama safu za meza. Akajua ni soko. Shangazi aliimaliza mwenyewe ile hadithi ya Pacha. Wakati fulani kidole kilipita chini ya pua, halafu mkono ukazunguka kama unakaza skrubu, halafu ikaja ile anayoijua tangu utotoni: umekosa. Baada yake ikaja ishara nyingine, ndogo, ya kiganja kinachoteremka, ambayo hakuwahi kufundishwa. Pacha alifumba macho, akayafumbua. Bisibisi hakuuliza maana yake.

Kuna mahali Shangazi aliuliza swali. Hata mtu asiyejua lugha ile angejua ni swali, kwa nyusi zilivyopanda na mikono ilivyobaki hewani ikingoja. Pacha alimtazama. Kwenye shuka hakuna kilichosogea. Mikono ya Shangazi ilingoja, ikangoja, kisha ikashuka yenyewe mapajani. Upande wa pili binti aligeuza uso.

Waliendelea kutazamana hivyo mpaka adhuhuri, hakuna anayesema, na vijiti vyote vimesimama.

Walipoagana Shangazi alifunga kioo kwa mikono miwili. Alivuta daftari, akaandika mstari mmoja, akamsogezea kijana, akaenda jikoni kubandika chai.

*Leo haikukata.*

Skrubu fupi za bawaba haziuzwi moja moja. Pakiti ya kumi, pale ng'ambo ya barabara, ni shilingi mia tano.